Nembo Mpya ya Afisi Yetu ya Mawakili Malindi: Tathmini ya Kazi ya Mbunifu

Mbunifu wa michoro tuliyempa kazi ya kuchora nembo mpya ya afisi yetu ya mawakili hapa Malindi ameifanya vizuri, na sababu kubwa ya mimi kusema hivyo ni kwamba alitaka kuona karatasi zetu kabla ya kutuonyesha mchoro wowote. Wabunifu wengine tuliozungumza nao walianza kwa kutuuliza tunapenda rangi gani. Yeye aliomba barua za zamani, hati za kiapo zilizokwisha kupigwa mhuri, nakala zilizotolewa kutoka kwa nakala nyingine, stakabadhi za malipo, bahasha, na hata zile karatasi ambazo wateja hutuletea zikiwa zimekunjwa mpaka mikunjo imekatika. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mawakili wenzangu wa pwani wanaofikiria kubadilisha nembo zao, na pia kwa vijana wanaosomea ubunifu wa michoro ambao siku moja watabisha hodi katika afisi kama yetu. Jina lake nimeliacha kwa ombi lake mwenyewe, kwa kuwa anafanya kazi peke yake na hataki kuwaahidi watu muda asio nao.

Nembo tuliyokuwa nayo ilikuwa na mizani, nyundo ya jaji na shada la majani, vyote vimebanwa juu ya majina ya washirika. Ilichukuliwa mtandaoni miaka mingi iliyopita na mtu aliyetuchapishia kadi, na mizani hiyo hiyo unaweza kuiona kwenye vibao vya afisi nyingine za pwani. Sina ugomvi na mizani. Ni alama ya haki inayoeleweka na Mwislamu aliyeisoma katika Qurani, na Mkristo aliyeisoma katika Biblia, na mfanyabiashara wa sokoni anayeishika kila siku. Nyundo ndiyo iliyonikera siku zote. Hicho ni chombo cha mahakama za Marekani tulichokizoea kupitia filamu na televisheni, ilhali Uingereza, ambako mfumo wetu wa sheria ulitoka, majaji hawakitumii. Kuiweka nyundo hiyo juu ya barua ya wakili wa Malindi ni kumwambia mteja jambo lisilo la kweli kabla hajasoma mstari wa kwanza. Isitoshe, nembo yenyewe haikuwa ikifanya kazi yake: minyororo ya mizani ilikuwa ya mistari myembamba mno ambayo hupotea nakala ikitolewa mara ya pili, na shada la majani liligeuka doa jeusi kwenye mhuri wa mpira.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini afisi ya mawakili ihangaike na doa kwenye mhuri. Malindi ni mji wa kesi za ardhi. Tuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, tuna Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufani huketi hapa, na mengi ya mashauri ya ardhi tunayoyashughulikia yana mizizi katika sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyowataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani wapeleke madai yao yaandikishwe, na ambayo iliwaacha watu wengi wa Kimijikenda wakiitwa maskwota kwenye mashamba waliyolima babu zao. Kwa sababu hiyo barua ya wakili haisomwi mara moja ikatupwa. Hutiwa ndani ya sanduku la nguo, hutolewa nakala ya kupelekwa kwa chifu, hutumwa kwa jamaa aliye Mombasa, na baada ya miaka mingi mjukuu huirudisha kwetu akiuliza kama kweli ni sisi tulioiandika. Wapo pia matapeli wanaoandika barua za uongo kwa majina ya mawakili ili wawauzie watu viwanja visivyouzwa. Kwetu sisi nembo ni alama ya kuitambulisha karatasi, na ikiwa haitambulikani katika nakala ya nne ya barua, haijatufaa hata ikipendeza vipi kwenye kioo cha simu.

Mbunifu aliyaelewa hayo kwa kukaa masijala asubuhi nzima pamoja na karani wetu mkuu, mzee aliyeanza kazi hiyo tangu enzi za taipureta. Mzee alimwonyesha njia ya hati moja kuanzia inapoandikwa hadi inaporudi kutoka mahakamani. Hati huchapishwa kwa mashine ya wino mweusi, hutiwa saini, hupigwa mhuri wa kamishna wa viapo, kisha huskaniwa ili iingizwe katika mfumo wa mahakama wa kuwasilisha kesi mtandaoni, ulioanzia Nairobi mwaka 2020 kabla ya kutufikia sisi wa pwani. Baadaye upande wa pili huichapisha upya kwa mashine yao, nao huitolea nakala za kwao. "Mwanangu," karani alimwambia, "hapa rangi ni ya mlangoni tu. Ukishaingia ndani, kila kitu ni cheusi."

Kauli hiyo ndiyo iliyoongoza kazi yote. Kila mchoro aliouleta ulikuja umechapishwa kwa wino mweusi, akautolea nakala kwa mashine yetu wenyewe, akatoa nakala ya nakala, akaendelea hivyo hadi karatasi ikaanza kuchafuka, kisha akazipanga zote mezani zikifuatana ili tuone ni hatua gani mchoro unapoanza kufa. Michoro iliyokufa mapema aliiondoa mwenyewe bila kutusubiri. Aidha aliichonga michoro miwili kwenye mihuri ya majaribio, tukaipiga juu ya karatasi za aina mbalimbali, ikiwemo ile karatasi laini ya bei nafuu ambayo wino huenea ndani yake. Hakutuonyesha nembo ikiwa juu ya kikombe, fulana au jengo la vioo la kubuni, jambo ambalo wabunifu wengine walilifanya kwa bidii kubwa na ambalo halikutusaidia kuamua chochote.

Kuhusu wazo lenyewe, mjadala ulikuwa mrefu. Mmoja wa washirika alitaka Mnara wa Vasco da Gama, kwa hoja kwamba ndiyo alama ya mji inayojulikana na kila mgeni. Mbunifu aliuchora bila kubisha, na mchoro ulikuwa mzuri, lakini alipoukabidhi aliuliza ule mnara ulisimamishwa na nani na kwa ajili gani, na swali hilo likaumaliza mjadala. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498 na akapokewa vizuri na mfalme wa hapa. Hata hivyo, msalaba ulio juu ya nguzo ile una nembo ya Ureno, na Wareno walizisimamisha nguzo za namna hiyo katika safari zao ili kuonyesha kwamba wamefika na kwamba wana madai. Afisi inayowatetea watu ambao mashamba yao yaliandikwa kwa majina ya wengine haiwezi kubeba alama ya mgeni aliyesimamisha nguzo kwenye ufuo usio wake. Ninashukuru kwamba swali hilo liliulizwa na mtu tuliyemwajiri kwa ajili ya michoro, kwa maana sisi mawakili tulikuwa tayari tunabishana kuhusu unene wa mistari.

Pendekezo lake mwenyewe lilikuwa gumu zaidi, na hapa ndipo nilipoona thamani ya kufanya kazi na mtu anayesikiliza. Alileta mchoro uliotokana na pembetatu zinazochongwa kwenye vigango vya Wagiriama, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, safu za pembetatu nyeusi na nyeupe zinazokutana ncha kwa ncha. Kwa macho tu, ulikuwa mchoro bora kuliko yote. Ulistahimili nakala, ulikaa vizuri kwenye mhuri, na haukufanana na nembo ya afisi yoyote ninayoijua. Mshirika mwenzangu, ambaye ni Mgiriama, aliutazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hawezi kukubali uwekwe juu ya ankara ya malipo. Kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, nacho ni makao ya roho yake miongoni mwa jamaa. Hakihamishwi ovyo wala hakikarabatiwi. Huachwa mahali pake mpaka kiishe chenyewe. Katika miongo iliyopita vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia ng'ambo, na majumba kadhaa ya makumbusho ya Marekani yamekubali kuvirudisha Kenya. Familia zilizopoteza vigango ni miongoni mwa watu wanaoingia katika afisi yetu. Tungewezaje kuwapokea chini ya alama hiyo?

Mbunifu hakujitetea. Aliuliza kama pembetatu peke yake, bila umbo la kigango, zinaweza kutumika, na alipoambiwa kwamba mzee wa kaya, yaani makao matakatifu ya Wamijikenda, atazitambua hata hivyo, akaliacha wazo lote na hakudai malipo ya ziada kwa kazi iliyokuwa imemgharimu juhudi nyingi. Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu pwani yetu imejaa maumbo mazuri, na mbunifu yeyote anayefanya kazi hapa atavutwa nayo. Siwa, yaani baragumu, ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zote zina umbo linalopendeza kuchorwa, lakini siwa ni chombo cha utawala, kilichopulizwa katika shughuli za watawala na waungwana, na wakili si mtawala wa mtu. Jahazi tulilikataa kwa sababu nyepesi zaidi: hoteli na kampuni za watalii zimekwisha kulitumia kiasi kwamba mteja angedhani tunauza safari za kwenda Watamu.

Mchoro tulioukubali ni mlango. Ni mbao mbili nyeusi zilizosimama, na katikati yake mfaa, yaani ule ubao wa wima unaofunika pengo la mlango wa Kiswahili pale mbao mbili zinapokutana. Mfaa haukuchorwa kwa mstari wowote. Umeachwa mweupe, na unaonekana kwa sababu ya weusi ulio pande zake mbili. Hakuna nakshi, hakuna yungiyungi, hakuna mnyororo, hakuna misumari ya shaba. Sehemu ya juu ya kila ubao imekatwa kwa mshazari mdogo unaoshuka kutoka kwenye mfaa kuelekea nje, kwa kipimo kile kile kushoto na kulia, na ukiutazama kwa utulivu utaona kwamba mizani ipo pale ingawa hakuna aliyeichora. Karani wetu ndiye aliyeliona hilo kwanza, nasi tukampongeza mbunifu kwa kutotangulia kutueleza. Katika upana wa milimita 12 kwenye mhuri, mlango unasimama wazi. Katika nakala ya sita bado ni mlango.

Je, mlango huo ni wa nani? Swali hilo liliulizwa, na ilikuwa haki liulizwe. Milango ya nakshi ni fahari ya Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kihistoria mlango wa namna hiyo ulikuwa wa nyumba ya mawe ya mwenye uwezo, wakati wengi wa wateja wetu wametoka katika nyumba za udongo na makuti. Jibu la mbunifu lilikuwa kwamba nakshi ndiyo inayotaja cheo na ukoo wa mwenye nyumba, na kwamba ukiiondoa unabaki na mbao mbili na mahali zinapokutana, jambo ambalo kila fundi seremala analijua. Kwangu hoja hiyo inatosha kwa kiasi, si kikamilifu. Mteja kutoka Marafa au Bamba huenda akaona mistari miwili minene, na mteja kutoka Shela, iwe ya Lamu au ya Malindi, ataona mlango mara moja. Hata hivyo wote wawili wataitambua nembo hii wakiiona mara ya pili, na mshirika mwenzangu aliyekataa kigango ameikubali kwa moyo wote.

Upande wa herufi haukuchukua muda. Alijaribu kwanza aina ya Garamond, ambayo ina heshima yake ya karne nyingi, lakini miguu yake myembamba ilififia kwenye nakala kama minyororo ya mizani ilivyokuwa ikififia. Akachagua Source Serif katika uzito ulio mnene kidogo, aina iliyotolewa na Adobe mwaka 2014 kwa leseni huria, hivyo kwamba kila kompyuta ya afisi inaweza kuwa nayo bila malipo na bila wizi. Ninawasihi mawakili wenzangu waliangalie jambo hili la leseni. Si uadilifu kwa wakili anayewashauri wateja juu ya haki za wengine kuchapisha barua zake kwa herufi zilizonakiliwa kinyume cha sheria, na wabunifu wengi hawataji suala hilo isipokuwa waulizwe.

Rangi ni damu ya mzee, moja tu, nayo hutumika kwenye kibao, kadi na bahasha. Yeye alipendelea buluu iliyokolea, sisi tukashikilia damu ya mzee, na nadhani katika hilo yeye alikuwa na hoja yenye nguvu zaidi kuliko tulivyompa nafasi ya kuieleza, kwa sababu rangi za jamii ya wekundu hupauka haraka kwenye vibao vya plastiki vinavyokaa juani, na jua la Malindi likichanganyika na chumvi ya bahari haliachi kitu. Suluhisho lake lilikuwa zuri kuliko rangi yoyote. Alishauri kibao cha mlangoni kisipakwe rangi kabisa, bali kichongwe kwa mbambakofi, mti ule ule unaotumiwa kutengeneza milango ya Lamu, na mbao mbili za nembo zitokeze nje ili kivuli chenyewe kiuchore mfaa. Fundi aliyekichonga alihitaji mchoro wenye vipimo, na mbunifu aliuandaa, akaenda mwenyewe karakanani kuhakikisha kwamba mshazari wa juu haukunyooshwa kwa bahati mbaya. Gharama ya kibao ilikuwa nje ya ada yake. Kinapigwa mafuta mara kwa mara, basi.

Kasoro kubwa ya kazi hii ilikuwa maandishi ya Kiarabu. Tunao wateja wenye mashauri katika mahakama ya kadhi, ambayo kwa mujibu wa Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 husikiliza masuala ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu pale pande zote ni za Waislamu na zimekubali mamlaka yake. Baadhi ya wateja hao, hasa wazee wa Lamu na visiwa vyake, wamezoea kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo tuliomba jina la afisi liandikwe pia kwa hati hiyo. Toleo la kwanza lililetwa likiwa na herufi zilizotengana, kila moja imesimama peke yake, tena zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Chanzo chake kinajulikana: baadhi ya programu za kuchora, zisipowekewa mipangilio ya lugha za Mashariki ya Kati, haziunganishi herufi za Kiarabu wala hazizielekezi upande wake. Sauti za Kiswahili zisizokuwemo katika Kiarabu, kama vile p, ch na v, nazo zilikuwa zimewekewa herufi za karibu badala ya zile zilizoongezewa nukta ambazo waandishi wa pwani wamezitumia. Mbunifu hasomi hati hiyo, na hakuwa amemwonyesha mtu anayeisoma kabla ya kuileta kwetu. Hilo halikubaliki. Mzee anayeletewa jina lililovunjika namna ile atajua mara moja kwamba hatukumwandikia yeye, tulijipamba tu kwa herufi zake, na atakuwa sahihi kutushuku katika mambo mengine pia.

Alilitengeneza kwa njia inayostahili. Alimtafuta mwalimu wa khati, yaani sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu, wa Lamu, akamlipa kutoka katika ada yake mwenyewe, na jina likaandikwa kwa kalamu ya mwanzi, kisha yeye akaligeuza kuwa mchoro safi wa kompyuta bila kulainisha mikato ya kalamu. Toleo hilo sasa limewekwa chini ya mlango katika barua zote za mirathi, na kwa maoni yangu ndilo sehemu nzuri kuliko zote za kazi hii. Kwa afisi za Lamu ambazo zitataka kazi ya namna hii, ushauri wangu ni kwamba khati iagizwe tangu mwanzo kwa mjuzi wake, iingizwe katika mkataba, na isifikiriwe kuwa ni nyongeza.

Mkataba wenyewe ulikuwa mfupi na ulio wazi, na ninataka kueleza mambo mawili ambayo wabunifu na mawakili wa hapa huchanganya. La kwanza ni umiliki. Watu wengi husoma makala za nchi nyingine na kudhani kwamba hakimiliki ya nembo hubaki kwa mchoraji mpaka aihamishe kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaichukulia kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Mbunifu wetu alilijua hilo, akaomba ikubaliwe kwamba michoro yote iliyokataliwa inabaki yake, na kwamba anaweza kuwaonyesha wateja wengine nembo iliyokamilika kama mfano wa kazi zake. Tulikubali yote mawili bila shida, isipokuwa mchoro wa vigango, ambao yeye mwenyewe alisema hatautumia popote.

La pili ni mipaka ya kile ambacho wakili anaruhusiwa kujitangazia. Kwa miaka mingi mawakili wa Kenya walikatazwa matangazo karibu yote, hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2012 kwamba marufuku hayo ya jumla hayapatani na Katiba, na kanuni mpya za matangazo zikafuata mwaka 2014. Ruhusa hiyo ina masharti, na tangazo la wakili halipaswi kupotosha. Mbunifu aliyezoea kuchorea maduka huweza kupendekeza maneno ya kujisifu chini ya nembo bila kujua kwamba anamtia mteja wake matatani. Yeye hakupendekeza kaulimbiu yoyote. Vilevile hakugusa ngao, simba wala mikuki ya nembo ya taifa, ambayo matumizi yake katika biashara yamezuiwa na sheria isipokuwa kwa idhini, ingawa nimeona vibao vya mawakili vilivyoikaribia mno.

Tulikabidhiwa faili za vekta ambazo zinaweza kukuzwa kwa kiwango chochote bila kuchakaa, toleo jeusi, toleo jeupe la kuwekwa juu ya rangi nzito, toleo la damu ya mzee kwa ajili ya uchapishaji na lingine kwa ajili ya skrini, pamoja na ukurasa mmoja wa maelekezo ambao makatibu wetu wameubandika ukutani. Kiolezo cha barua kilitusumbua. Kilitengenezwa kwa toleo jipya la Word, na katika kompyuta zetu za zamani nembo ilikuwa ikihama kutoka mahali pake kila barua ilipofika ukurasa wa pili. Alikuja kukirekebisha, lakini afisi isiyokuwa na mtu wa kumpigia simu mara kwa mara ingeachwa na tatizo hilo.

Ada yake ilikuwa shilingi 70,000, iliyolipwa kwa awamu. Kwa Malindi hizo si pesa kidogo, maana wapo watu wanaochora nembo kwa shilingi elfu chache wakikusubiri hapo hapo kwenye duka la uchapishaji, na afisi inayoanza ikiwa na wakili mmoja na karani mmoja itaona ni mzigo. Kazi pia ilichelewa kupita muda uliokubaliwa, kwa sehemu kwa sababu ya khati na kwa sehemu kwa sababu sisi washirika tulichukua muda mrefu kupatana. Anayehitaji nembo kabla ya wiki mbili kwisha asimwendee huyu. Anayetaka mtu wa kumpa jina na rangi kisha aletewe kitu kilichokamilika pia asimwendee, kwa kuwa atamwuliza maswali mengi na atataka kukaa na wafanyakazi wake.

Sasa tunaandaa ombi la kuisajili nembo kama alama ya biashara katika daraja la 45, linalohusu huduma za kisheria, kwenye Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, ambako usajili hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa. Mbunifu ndiye aliyeshauri tuiwasilishe ikiwa nyeusi na nyeupe, na nilipoupima ushauri huo niliona unalingana na sheria, kwa maana alama iliyosajiliwa bila kufungwa na rangi huhesabiwa kuwa imesajiliwa kwa rangi zote. Iwapo washirika watakaokuja baada yetu watakubaliana na yeye kuhusu buluu, hawatalazimika kuomba upya.